Surua na safari za ndege: hatari iko wapi hasa?

Shangazi yangu wa Tanga alinipigia simu Jumapili asubuhi, na baada ya kuitikia marahaba hakuniuliza habari za nyumbani kama ilivyo kawaida yake. "Mwambie dada yako asije na mtoto. Nimesikia surua imejaa kwenye ndege."

Dada yangu huyo ni binti yake, anaishi Ontario, Kanada, na mtoto ana miezi minane. Bibi hajawahi kumpakata. Tiketi zilikuwa zimeshakatwa. Shangazi alikuwa amesikia kwamba huko ng'ambo maofisa wa afya wanatangaza namba ya ndege, saa iliyotua na mlango waliotokea abiria, kisha wanawataka wote waliokuwemo wajichunguze. Matangazo hayo ni ya kweli, na yeyote akiyasikia atadhani ndege ndiyo kiota cha ugonjwa. Tulizungumza karibu saa nzima. Haya ninayoandika ni yale niliyomweleza, pamoja na mengine niliyoyakumbuka baada ya kukata simu.

Tuanze na jina, maana hata jina linachanganya. Surua ndiyo hiyohiyo inayoitwa ukambi Kenya. Si tetekuwanga, ile ya malengelenge yenye maji. Si rubela pia, ingawa chanjo yake na ya surua huchomwa katika sindano moja. Surua huletwa na kirusi, na huanza kwa sura ya mafua mazito: homa kali, kikohozi, makamasi, macho mekundu yanayoogopa mwanga. Baada ya siku chache upele hutokea nyuma ya masikio na usoni, halafu hushuka kifuani hadi miguuni. Kwenye ngozi nyeusi wekundu wake hauonekani vizuri kama kwenye picha za vitabuni. Mama hupitisha kiganja kwenye paji la uso la mtoto akahisi ngozi imekwaruza, na hapo ndipo anapojua.

Wapo wanaosema ni ugonjwa wa utotoni, kila mtoto lazima aupitie. Hao wanawasahau ambao hawakutoka upande wa pili. Surua huleta nichomonia, kuharisha kunakomkausha mtoto, upofu kwa mwenye upungufu wa vitamini A, na mara nyingine huvimbisha ubongo. Zaidi ya hayo, hufuta kumbukumbu ya kinga: mwili uliokwisha kujifunza kupambana na vijidudu vingine hupoteza sehemu ya mafunzo hayo, kwa hiyo mtoto aliyepona surua hubaki dhaifu kwa miezi mingi, hata miaka. Kabla ya chanjo kuanza kutumika mwaka 1963, ugonjwa huu uliua watu wapatao milioni 2.6 kila mwaka duniani. Mwaka 2023 bado uliua zaidi ya 100,000, wengi wao watoto wasiofika miaka mitano.

Sasa tuje kwenye ndege. Swali la shangazi lilikuwa na maswali mawili ndani yake. La kwanza ni hatari ya kuambukizwa ukiwa ndani ya ndege. La pili ni ndege kuuchukua ugonjwa kutoka nchi moja na kuutua katika nchi nyingine. Watu huyasema kwa pumzi moja, lakini moja ni dogo kuliko tunavyodhani, na jingine ni kubwa kuliko tunavyodhani.

Surua husafiri hewani. Fikiria chetezo cha udi. Umefukiza sebuleni, ukakitoa chetezo nje, mwenye kufukiza akaenda zake. Mgeni anayeingia saa moja baadaye bado ananusa. Kirusi cha surua hufanya vivyo hivyo: mgonjwa akikohoa chumbani kisha akaondoka, hewa ile inaweza kuambukiza hadi saa mbili baada yake. Huhitaji kumgusa wala kumwona. Kati ya watu 10 wasio na kinga waliokaa karibu na mgonjwa, 9 wataugua. Hakuna maradhi mengi yanayoufikia uwezo huo.

Ukisikia hivyo, halafu ukafikiria bomba refu lililofungwa milango, watu 200 ndani, saa nane angani, lazima uogope. Lakini udi huhitaji hewa iliyotulia, na hewa ya ndani ya ndege haitulii. Watu wengi huamini kiyoyozi cha ndege huchukua pumzi ya mgonjwa wa safu ya 30 na kumpelekea abiria wa safu ya 5. Sivyo. Katika ndege kubwa za kisasa hewa huingia kwa juu, karibu na makabati ya mizigo, hushuka kupita kwenye viti vya safu hiyohiyo, kisha hunyonywa sakafuni pembezoni. Haipulizwi kutoka mkiani kwenda kichwani. Sehemu yake hutoka nje ya ndege, na inayorudishwa hupitishwa kwenye vichujio vizito vinavyokamata zaidi ya asilimia 99.9 ya chembe ndogo kabisa, vikiwemo vitone vinavyobeba virusi. Kwa saa moja hewa yote hubadilishwa kama mara 20 hadi 30. Sebule yako, hata madirisha yakiwa wazi, mara nyingi haifiki huko.

Ndiyo maana maofisa wa afya, abiria akigundulika alisafiri na surua, huwatafuta kwanza waliokaa safu yake, safu mbili mbele na safu mbili nyuma. Na kuna kundi moja wanalolitafuta popote lilipokaa ndani ya ndege ile: watoto wachanga waliopakatwa, kwa sababu wengi wao hawajafikia umri wa chanjo. Kanuni hiyo si ukuta. Wapo walioambukizwa wakiwa wamekaa mbali, kwa kuwa watu hupita kwenda msalani, husimama kwenye ujia kushusha mabegi, na kabla ya hayo yote walikaa pamoja uwanjani. Mimi kama ningechagua pa kuogopa, ningeogopa ukumbi wa kusubiria kuliko kiti cha ndege. Pale watoto wa safari tano tofauti hucheza sakafu moja, mafua yanachuruzika, hewa imelala, na anayeelekea Muscat anakohoa pembeni ya anayeelekea Amsterdam.

Hilo ndilo swali la kwanza, na kwa mtu mwenye kinga halina uzito mkubwa. La pili ndilo lenye kuumiza kichwa, na ufunguo wake ni kalenda.

Mtu akiambukizwa leo, kesho hana kitu. Wiki nzima hana kitu. Homa huja yapata siku ya 10, upele yapata siku ya 14. Ila huanza kuambukiza wengine siku nne kabla ya upele kutokea, akiwa bado anadhani ana mafua ya kawaida, na huendelea hadi siku nne baada yake. Weka kalenda hiyo kando ya ratiba ya ndege. Safari ndefu kupita zote duniani haifiki siku moja. Maana yake mtu anaweza kuambukizwa bara moja, akala chakula cha jioni bara jingine, akaenda kazini, harusini, msikitini, kanisani, siku kumi nzima, kabla hajahisi hata baridi.

Zamani bahari ilikuwa na subira kuliko hivyo. Jahazi lililotweka tanga Maskati kwa kaskazi lilikaa majini wiki kadhaa kabla ya kuiona Unguja. Aliyeambukizwa siku ya kuondoka aliugua njiani, akatoka upele njiani, akapona au akazikwa baharini. Kama mabaharia wenzake walishaugua udogoni, ugonjwa uliishia mlemle chomboni. Meli za mvuke zikaipunguza subira hiyo. Mwishoni mwa mwaka 1874 meli ya kivita ya Uingereza, HMS Dido, iliondoka Sydney ikimrudisha nyumbani Cakobau, mfalme wa Fiji aliyekuwa ametoka kuvikabidhi visiwa vyake kwa Waingereza. Surua ilikuwa melini. Safari ilichukua kama wiki tatu, na ilipotia nanga Januari 1875 ugonjwa ulikuwa bado una mtu wa kumshika. Karantini haikuwekwa. Wakuu wa visiwa walikuja kumlaki mfalme wao, kisha kila mmoja akarudi kwake na kitu asichokijua. Walikufa watu wapatao 40,000. Leo Sydney hadi Fiji ni saa nne kwa ndege.

Hapo watu huuliza: kwani uwanjani hawawapimi? Baadhi ya viwanja huwapima joto. Kipimo cha joto humkamata mwenye homa saa ileile anapopita. Aliye siku ya tano hana homa, atapita akitabasamu. Na kadi ya manjano je? Kadi ile tunayoificha pamoja na pasipoti kwa kawaida huulizwa kwa ajili ya homa ya manjano, na homa ya manjano si surua. Nimeshawahi kusimama foleni nyuma ya baba aliyeamini kwa moyo wote kwamba kadi yake imemkinga na "magonjwa yote ya nje". Ukurasa wake ulikuwa na mhuri mmoja tu.

Kwa hiyo mlango hauzuiliki. Kinachoamua kila kitu ni nani atakutwa ndani ya nyumba.

Hesabu yake ni nyepesi. Wataalamu hukadiria kwamba mgonjwa mmoja wa surua, akiwa katikati ya watu ambao hakuna hata mmoja mwenye kinga, huwaambukiza 12 hadi 18. Influenza, kwa kulinganisha, huambukiza mmoja au wawili. Tuchukue 15. Kati ya hao 15, wakiwa 14 wana kinga, anabaki mmoja wa kuugua, naye atampata mwingine mmoja, na moto utaendelea kufuka bila kuzimika. Ili uzimike ni lazima hata yule mmoja awe wa bahati. Ndiyo maana utasikia kila mara asilimia 95. Hawakuitaja kwa kupenda namba kubwa. Surua yenyewe ndiyo iliyoiweka juu hivyo.

Samoa waliiona hesabu hii kwa macho. Ni nchi ya visiwa katika bahari ya Pasifiki, watu wapatao 200,000. Kuielewa habari yao lazima kwanza ukijue kichupa. Chanjo ya surua huja ikiwa unga mkavu. Muuguzi huchukua maji yake maalumu, yanayoletwa pamoja nayo, huvuta kwa sindano na kuyaingiza kwenye unga, hutikisa, ndipo anachoma. Julai 2018 wauguzi wawili wa Samoa, badala ya maji yale, walichanganya unga na dawa ya kulegeza misuli itumikayo wakati wa upasuaji. Watoto wawili walikufa siku hiyohiyo. Chanjo haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa la mkono. Lakini utawaelezaje wazazi hilo wakati majeneza mawili madogo yamebebwa? Serikali ilisimamisha uchanjaji kwa miezi mingi, na uliporudi imani haikurudi nao. Waliopata dozi ya kwanza mwaka 2018 walikuwa karibu theluthi moja tu ya watoto.

Kisha, mwaka 2019, surua iliyokuwa ikiwaka Auckland, New Zealand, ilifika kwa ndege. Novemba hali ya hatari ilitangazwa. Shule zilifungwa, watoto wakakatazwa mikusanyiko. Tarehe 5 na 6 Desemba nchi nzima ilisimama: maduka yalifungwa, barabara zilikuwa tupu, na kila familia yenye mtu asiyechanjwa iliambiwa itundike kitambaa chekundu mbele ya nyumba. Waliokuwa na shuka nyekundu walitundika shuka, wengine kanga zao za kule, wengine kipande kilichochanwa kutoka nguo kuukuu. Magari ya wachanjaji yalipita yakifuata wekundu huo, nyumba kwa nyumba. Ilipofika mwisho wa mwezi karibu kila aliyestahili alikuwa amechanjwa na moto ukazima. Walikuwa wameugua zaidi ya 5,700. Walikuwa wamekufa 83, wengi wao wa umri ambao bado hubebwa mgongoni.

Jirani yao Tonga aliletewa surua ileile, mwaka uleule, kutoka New Zealand ileile. Waliorudi nayo walikuwa vijana wa timu ya raga. Mamia waliugua. Hakufa hata mmoja. Karibu watoto wote wa Tonga walikuwa wamechanjwa. Ndege ni zilezile, bahari ni ileile.

Nataka niseme jambo moja hapa kwa sababu linaniuma. Surua ikilipuka Marekani au Ulaya, kidole cha kwanza huelekezwa kwa mgeni, na mgeni mara nyingi ni sisi. Rekodi za Marekani zinasema vingine: wengi wanaoiingiza ni wakazi wa Marekani wenyewe, wasiochanjwa, wanaorudi kutoka safarini. Mwaka 2014 wanaume wawili wa jamii ya Amish wa jimbo la Ohio walikwenda Ufilipino kusaidia waliopigwa na kimbunga. Walikwenda kwa nia njema, wakarudi na surua kwenye jamii ambayo wengi hawakuwa wamechanjwa. Waliugua watu 383. Na Kanada, ambayo shangazi aliniuliza "si walisema surua kwao imekwisha?", ilikuwa kweli imetambuliwa tangu 1998 kuwa imeiondoa. Kuiondoa hakumaanishi haiji. Maana yake ikija, haikai: mnyororo wa maambukizi hukatika kabla ya kutimiza miezi 12. Mnyororo ulioanza Oktoba 2024 haukukatika, ukapita watu zaidi ya 5,000, na Novemba 2025 Kanada ikavuliwa hadhi hiyo.

Na ndege isitufanye tusahau kwamba surua haihitaji ndege. Mlipuko ulioikumba Kongo mwaka 2019 hadi mwanzoni mwa 2020 uliua zaidi ya watu 6,000, wakati ambapo kamera zote zilikuwa zimegeukia Ebola. Ulitembea kwa miguu, kwa pikipiki, kwa maboti ya mtoni, ukiwafuata watoto ambao jokofu la chanjo halikuwafikia.

Kuhusu madai kwamba chanjo huleta usonji, nitasema kwa ufupi: yalitoka kwenye andiko la daktari Andrew Wakefield la mwaka 1998, jarida lililolichapisha likalifuta mwaka 2010, na yeye akafutwa kwenye orodha ya madaktari wa Uingereza. Watoto mamilioni wamechunguzwa tangu hapo na uhusiano huo haukuonekana.

Basi shangazi akaniuliza la kwake. "Mimi je? Sikumbuki kuchomwa." Hakuchomwa, aliugua. Yeye na kaka zake wote, miaka ya sitini. Nikamweleza habari ya visiwa vya Faroe, kaskazini mwa Ulaya. Mwaka 1846 fundi seremala alishuka huko kutoka Copenhagen akiwa na surua, na wakaugua watu wapatao 6,000 kati ya wakazi wasiofika 8,000. Daktari kijana aitwaye Peter Panum alitumwa kuchunguza. Alikuta wazee waliougua katika mlipuko wa mwaka 1781, na kati yao hakumpata hata mmoja aliyeugua tena. Miaka 65 ilikuwa imepita na miili yao ilikuwa bado inakumbuka. Aliyeugua surua kweli hukingwa maisha yake. Mwenye dozi mbili za chanjo naye ana kinga kwa takriban asilimia 97.

Kuhusu mtoto wa Ontario, kwetu dozi ya kwanza hutolewa akiwa na miezi 9 na ya pili miezi 18. Kule Kanada ya kwanza kwa kawaida husubiri mwaka mmoja. Lakini kwa mtoto anayesafiri nje ya nchi wanaruhusu kuanzia miezi 6. Dozi hiyo ya mapema haihesabiwi, atarudia zote mbili baadaye, ila humvusha safari. Inafaa ichomwe wiki mbili kabla ya kupanda ndege, mwili upate muda. Dada yangu alikuwa ameshampigia daktari kabla hata sijamtafuta. Nikampa na shangazi la kukumbuka: mtu akijulishwa alikaa karibu na mgonjwa na hana kinga, chanjo ikichomwa ndani ya saa 72 bado inaweza kumwokoa. Na kama dalili zimeshaanza, apige simu kwanza asiende kukaa kwenye benchi la zahanati, kwa sababu ya ule udi.

Shangazi akanyamaza kidogo, halafu akamwita dada wa kazi. Nilimsikia akimuuliza ilipo kadi ya kliniki ya mwanawe, mtoto wa miezi 19 anayekaa nao pale nyumbani. Kadi ililetwa. Ilikuwa na alama ya miezi 9, ya 18 palikuwa wazi. Mama alikwenda kwa siku yake, akaambiwa arudi siku nyingine kwa kuwa watoto walikuwa wachache. Najua kwa nini: kichupa kimoja kina dozi kumi, na kikishachanganywa na maji yake hakidumu zaidi ya muda wa saa sita, basi muuguzi huogopa kukifungua kwa watoto wawili, kisha dozi nane zikamwagwa. Lakini dozi nane kumwagwa ni hasara ndogo kuliko mtoto mmoja kurudishwa, na mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unasema wazi kifunguliwe hata kwa mmoja.

"Mgeni anafika lini?" nikamuuliza.

"Tarehe 20. Huyu wa hapa nampeleka kesho mimi mwenyewe. Na wakisema hawatoshi, nitakaa palepale mpaka wakifungue."

Jumatatu saa nne alinitumia picha ya kadi. Mhuri ulikuwa bado haujakauka vizuri.